TV ya kutembea nayo Lamu: nunua ipi, acha ipi

Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji swali moja tu: hii inashika DVB-T2, yaani mfumo wa TV ya kidijitali ya hewani tunaotumia Kenya? Akikujibu "inashika zote", rudisha pochi mfukoni. Boksi liwe limeandikwa hivyo hivyo, na ile 2 iwepo.

Nasema haya kwa sababu nimeshaliwa. Niliuziwa simu ya mtumba kutoka Korea, safi kabisa, ina ariali ya kuvuta pembeni. Nikaenda nayo hadi gatini, nikaivuta ariali yote, nikatafuta chaneli huku mabaharia wakinitazama. Patupu. Na simu haikuwa mbovu. Ilitengenezewa DMB, mfumo unaopakia picha juu ya teknolojia ya redio ya kidijitali, DAB. Korea Kusini waliutengea masafa na leseni, matangazo yakaanza 2005. Uingereza, kampuni ya simu ya BT ilianza 2006 kupitisha TV ya simu kwenye mtandao wa redio ya kidijitali, na sheria ya huko ilikuwa imebana sehemu ya mtandao huo inayoruhusiwa kubeba kitu kisicho redio. Mwaka uliofuata wakatangaza kuifunga. Kila nchi na mpango wake: Kenya TV ya hewani imepangiwa DVB-T2, na analogi ikazimwa 2015. Kwa hiyo ariali ya simu yangu hapa Lamu labda ya kuchokolea meno. Simu za Japani zenye One-Seg, mfumo wao wa TV ya simu, mambo ni yale yale.

Sasa tupange.

Ya kwanza, bila ubishi, ni TV ndogo ya betri yenye DVB-T2 ndani kwa ndani na tundu la volti 12. Kwenye mashua au kwenye kibanda Mokowe unaichomeka moja kwa moja kwenye betri ya sola, huna haja ya inveta, na haili bando. Chaneli za bure zinatosha kwa taarifa ya habari na mpira ukibahatika. Shida yake ni nyumba zetu. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na kile kiariali cha sumaku wanachokupa ukikiweka chumba cha ndani hakishiki kitu. Nunua ariali ya nje na waya mrefu, uipandishe juu darini. Kisha ile sehemu waya unapoungana na ariali ifunge kwa tepu nyeusi, tena mizunguko mingi. Yangu sikuifunga, upepo wa chumvi uliigeuza kijani, picha zikaanza kukatika vipande vipande nikidhani ni mnara.

Ya pili ni kile kidude cha DVB-T2 cha kuchomeka kwenye simu. Kinaingia mfuko wa shati, lakini kinakausha chaji, na simu nyingine hazikitambui kabisa, basi nenda na simu yako mwenyewe dukani. Chaneli za kulipia usizitarajie humo.

Ya tatu, simu na bando. Picha nzuri mjini. Mpira dakika 90 utakuonyesha bando lina uzito gani, na katikati ya bahari mtandao unakuja na kuondoka.

Mwisho kabisa, vya kuachana navyo hata ukipewa kwa bei ya maji: vifaa vya DVB-H, mfumo wa zamani wa TV ya mkononi, kama Walka na Drifta, vilivyouzwa na DStv enzi hizo. Mtandao wake ulizimwa, kilichobaki ni plastiki. Na TV ambayo shemeji ameibeba kutoka Marekani ina ATSC, mfumo wa huko. Itakuwa skrini nzuri ukiiunganisha na king'amuzi, peke yake haishiki chochote.

Ukifika dukani, itoe nje mlangoni, chomoa flashi kama ipo, kisha anza kutafuta chaneli upya wewe mwenyewe. Kuna wauzaji wanaokuwashia video iliyorekodiwa, unaona mtangazaji anasoma habari, unalipa, kumbe habari zenyewe za mwaka juzi.