Modeli ya PZL P.11c: sanduku la kununua na la kuacha

Ukitafuta modeli ya PZL P.11c, ndege ya kivita iliyoilinda anga ya Poland Septemba 1939, utakutana na masanduku ya kila bei, na picha za juu zote zinavutia. Picha ziache. Angalia bawa kwanza. Mhandisi Zygmunt Puławski alilikunja bawa pale linapoungana na kiwiliwili ili rubani aone mbele bila kuzuiwa, kisha likavikwa duralumini yenye migongo myembamba, kama bati la kuezekea lakini laini mno. Kampuni ikikosea hapo, upake rangi kwa ufundi wowote ule, mezani itabaki ndege nyingine. (Puławski hakuiona P.11 ikiruka. Alifariki Machi 1931 akiirusha ndege nyingine aliyoibuni mwenyewe.)

Kabla ya kulipa, soma herufi za jina. P.7a ni kaka yake mkubwa mwenye injini ya Jupiter. P.24 ni ya kuuzwa nje, na ndiyo Wagiriki waliyoitumia kupigana na Waitaliano mwaka 1940. Kwenye picha ndogo ya simu zote tatu zinafanana. Unayoitaka ni P.11c, yenye injini ya Mercury iliyoshushwa kidogo kuliko kwenye P.11a ili rubani aone vizuri zaidi.

Halafu pima rafu yako. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 10.72 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Kwa skeli ya 1/72, yaani ndege halisi ikipunguzwa mara 72, ni kama sentimita 15, kwa 1/48 ni sentimita 22, na kwa 1/32 inapita sentimita 33.

Nafasi ya kwanza naipa Arma Hobby, 1/72, na siyumbi. Ni kampuni ya Poland inayoifahamu ndege yake. Ile migongo ya bawa imechongwa kwa wembamba unaoaminika; ukiinamisha fremu ya plastiki chini ya taa unaona kivuli cha kila mstari, lakini ukipitisha kidole unaihisi kwa shida. Ndivyo inavyotakiwa katika ukubwa huo. Masanduku yenye migongo minene yanaifanya ndege ionekane imefunikwa kwa suruali ya kodrai.

Kuna matoleo mawili ya kuchagua. Expert Set huja na vipande vya chuma chembamba na karatasi za kufunikia kioo wakati wa kupaka rangi. Junior Set ina plastiki ileile bila nyongeza hizo, kwa bei nafuu zaidi. Ushauri wangu: kama umewahi kumaliza hata modeli moja, chukua Expert. Chumba cha rubani cha P.11c hakina paa, kuna kioo kidogo tu mbele, kwa hiyo kiti na mikanda vinaonekana wazi siku zote. Mikanda ya chuma hapo si anasa. Anayeanza kabisa achukue Junior, na mikanda aikate kwenye vipande vya karatasi.

Ugumu wake uko kwenye mihimili inayoshikilia mabawa, miwili kila upande, na miguu ya magurudumu. Usiviunganishe haraka. Bandika bawa, liache likauke, kagua kutoka mbele kama pande zote mbili ziko sawa, ndipo ulete mihimili. Ukianza na mihimili, yenyewe ndiyo itakayoamua bawa likae vipi.

Ya pili ni IBG, 1/32. Hii ni kubwa, na ukubwa huo una kazi: injini ya P.11 iko wazi puani, silinda tisa zimezungukwa na pete tu, kwa hiyo kila ufundi unaoufanya pale mtu atauona akiwa amesimama. Kwa anayejenga modeli moja kwa mwaka na kuiweka sebuleni, naweza hata kuipandisha juu ya Arma. Kinachoirudisha nyuma ni bei, uzito wa kifurushi, na sentimita 33 za rafu.

Ya tatu ni Mirage Hobby, 1/48. Hapa nasita. Skeli yenyewe ndiyo tamu kuliko zote kwa ndege ndogo kama hii, lakini muundo ni wa kizazi cha nyuma na utadai putii, msasa na subira. Msasa ndio tatizo: ukisugua maungio ya bawa, migongo inafutika na kuirudisha ni mateso. Inunue kama umeshajenga kabati zima la 1/48. Vinginevyo, ipite.

Watu husahau modeli za karatasi. Poland ina utamaduni wake wa kukata na kukunja ndege za karatasi, kwa kawaida katika skeli ya 1/33, na P.11 ni kipenzi chao cha miaka mingi. Hakuna rangi ya kununua kwa sababu imeshachapwa, kifurushi ni chepesi kama jarida, na vifaa ni wembe, rula na gundi. Lakini kukunja lile bawa kwa karatasi kunamtaka mtu mtulivu sana. Haifai kumpa mtoto wa miaka minane, hata akiililia.

Heller na Revell za zamani, 1/72, ziko mwisho. Utazikuta kwenye minada ya mtandaoni kwa bei ya kuvutia. Ni za kumbukumbu; stika zake za maji (zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa) mara nyingi zimekuwa njano au zinapasuka zikigusa maji, na ukinunua stika mpya tofauti ya bei na Arma imekwisha.

Kuhusu rangi: juu ni kaki ya Kipoland, kahawia inayoelekea zeituni, na chini ni buluu hafifu ya kijivu. Usichukue kijani cha jeshi la Marekani ukidhani hakuna atakayegundua. Hataka, kampuni nyingine ya Poland, inauza seti maalumu kwa ndege hizi. Stika za bawa zinahitaji dawa ya kulainisha, la sivyo zitaelea juu ya migongo. Na ukiona mraba mwekundu na mweupe, alama ya jeshi la anga la Poland, juu ya bawa moja umekaa tofauti na wa bawa la pili, usiurekebishe. Wapoland waliiweka hivyo makusudi ili kumchanganya adui anayelenga.

Ukihitaji ndege ya kunakili, P.11c namba 8.63 ipo kwenye jumba la makumbusho ya anga la Kraków, na picha zake za kila pembe zimejaa mtandaoni.

Kwa walio Dar, Nairobi au Mombasa: modeli agiza, lakini gundi na rangi za kupulizia tafuta hapo ulipo. Zinashika moto, na maduka mengi ya Ulaya hayazisafirishi kwa ndege. Rangi za akriliki za maji hazina shida hiyo, kwa hiyo ziingize kwenye oda moja na modeli ili ulipie usafiri mara moja.