Kumsikiliza arfivik Ilulissat: safari mbili za boti, moja tu ndiyo ningerudia

Naishi Denmark, na Aprili nilikwenda Ilulissat, Greenland, kwa ajili ya arfivik. Ndivyo wenyeji wanavyomwita nyangumi mnene mweusi, kidevu cheupe, hana pezi mgongoni, anayevunja barafu kwa kichwa. Katika Ghuba ya Disko, ulipo mji huu, huanza kufika Februari, na kiangazi huwa wameshaondoka. Wakati huo utakutana na nyangumi nundu. Uliza mwezi kabla ya kulipa.

Safari ya kwanza iliniuma. Nahodha alimwandama nyangumi kwa kasi mpaka akazama, tukabaki tunapiga picha maji. Mnyama huyu huogelea polepole, na akiuawa huelea. Hayo ndiyo yaliyomponza: meli za Waholanzi, baadaye za Waskoti, zilimwinda kwa karne mbili, zikitaka mafuta ya kuwashia taa na yale mabamba ya kinywani anayochujia chakula, yaliyotengenezewa miavuli na nguo za kubana kiuno. Vizazi vya walionusurika bado tuwakimbize kwa ajili ya picha?

Siku ya pili nilipanda boti nyingine, ndogo, tulikuwa abiria wanane. Wanakupa ovaroli nzito. Ivae hata jua likiwaka. Nahodha, mzee mvuvi, alizima injini tukiwa mbali, akashusha majini kinasa sauti chenye waya mrefu. Tukangoja karibu saa nzima, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mara ukaja mlio mzito, kama mlango wa zamani unaofunguliwa taratibu, na juu yake mwingine mwembamba. Nikadhani wako wawili. Mzee akainua kidole kimoja. Arfivik mmoja anaweza kutoa sauti mbili kwa pamoja, na nyimbo zao hubadilika mwaka hadi mwaka.

Baadaye akaibuka, mvuke wake ukipanda umegawanyika kama mapanda ya manati. Pengine alikuwa jike, maana wengi wanaofika hapa ni majike waliokomaa. Hesabu ya mwaka 2006 ilikadiria zaidi ya 1,000 pwani hii, baada ya miongo mingi ya kuadimika. Na kwa kuwa wapo wanaopita miaka 200, huenda mama yake aliziona meli zile.

Kasoro: saa tatu hazitoshi, na bei ni kubwa. Ukipiga simu, swali lako la kwanza liwe kama wanazima injini. Mimi nimeshaweka nafasi ya Machi, kwa mzee yuleyule.