Uzoefu wangu: kadi moja, kumbi mbili, kasino na onesho la watu wazima

Kadi niliyopewa mlangoni ndiyo inayoeleza mahali hapa kuliko kitu kingine chochote, ingawa ilinichukua safari tatu kulielewa jambo hilo. Kasino ninayoizungumzia ni mali ya kampuni kubwa ya aina ile inayouza kila kitu, kuanzia bima hadi vyumba vya hoteli, na kitengo chake cha starehe za watu wazima kimeweka meza za kamari na ukumbi wa maonesho ya usiku chini ya paa moja. Mhudumu alikagua kitambulisho changu, akahakikisha umri, akanipiga picha na kunivalisha kadi yenye kamba shingoni, yote hayo katika muda usiozidi dakika tano. Kwa upande wa ukarimu sina la kulalamikia: wahudumu ni wasikivu, vyoo ni safi kupita kiasi, na hakuna aliyenisukuma nicheze.

Kwenye ukumbi wa michezo nilikuta meza mbili za ruleti, mchezo wa kubahatisha namba au rangi ya kishimo ambamo goroli itaangukia kwenye gurudumu linalozungushwa. Zinafanana kwa kila kitu isipokuwa gurudumu. Mbali na namba 1 hadi 36, la kwanza lina sifuri moja, hivyo lina vishimo 37. La pili lina sifuri mbili, yaani vishimo 38. Meza zote mbili humlipa aliyebahatisha namba moja mara 35 ya dau lake, na kishimo hicho kimoja cha ziada kinatosha kupandisha sehemu ya kasino, yaani kiasi cha kila dau ambacho kwa wastani hubaki kwake, kutoka asilimia 2.7 hadi asilimia 5.26. Hakuna kilichofichwa, kwa maana mtu yeyote anaweza kuinama akahesabu sifuri. Hata hivyo, meza ya sifuri mbili ndiyo iliyowekwa karibu na mlango, yenye viti vizuri zaidi na dau la chini dogo zaidi, nayo ndiyo niliyoikalia usiku wa kwanza bila kuuliza.

Juu ya kila gurudumu kuna ubao wa taa unaoonyesha matokeo yaliyotangulia, na jirani yangu alikuwa akiyanakili kwenye karatasi kwa bidii ya karani, akiamini kwamba nyekundu ilikuwa imechelewa na lazima ingefika. Nilimkumbusha kwa upole kisa cha kasino ya Monte Carlo, kule Monaco, cha tarehe 18 Agosti 1913, ambapo goroli iliangukia nyeusi mara 26 mfululizo huku wachezaji wakizidi kumwaga fedha kwenye nyekundu. Alicheka, akasema hiyo ilikuwa zamani, akaongeza dau. Ubao ule haudanganyi hata namba moja, ila sioni unawekwa pale kwa faida ya nani kama si ya mwenye meza.

Ninaloliona kuwa kasoro hasa liko kwenye blakijeki, mchezo wa karata wa kukaribia jumla ya 21 bila kuipita. Kwa kanuni iliyozoeleka, anayepata ree pamoja na karata ya thamani ya kumi katika karata zake mbili za kwanza hulipwa 3 kwa 2, maana yake dau la 10 huleta 15. Kwenye meza hii kitambaa kimeandikwa 6 kwa 5, kwa hiyo dau lile lile huleta 12. Tofauti ya 3 huonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba mkono wa namna hiyo (mkono ni karata anazogawiwa mchezaji katika raundi moja) huja takriban mara moja katika kila mikono 21, na hapo mchezo unaosifiwa kuwa rafiki kwa mchezaji makini huwa umemwongezea gharama ya karibu asilimia 1.4 ya kila dau. Nilipomuuliza mgawa karata, alinyoosha kidole kwenye maandishi bila kusema neno. Alikuwa na haki.

Mashine za sloti, zile za kamari zinazozungusha picha zenyewe, sikuzikalia muda mrefu. Niliweka dau la 20, ikanirudishia 6, kisha ikapiga muziki na kuwasha taa kana kwamba nimeshinda. Nilikuwa nimepoteza 14 kwa shangwe.

Ukumbi wa maonesho, ambao wengi ndio hasa wanaotaka kuusikia, una utaratibu kuliko nilivyotarajia: simu huachwa mlangoni, kumgusa mchezaji wa jukwaani ni marufuku, na walinzi husimamia hilo bila kelele. Wachezaji wenyewe ni weledi wa kazi yao. Gharama ya vyumba vya faragha huhesabiwa kwa wimbo, na nyimbo ni fupi. Mtu asiyeuliza mapema hushtukia bili. Kadi ile ile ya shingoni hupitishwa hapa pia, na matumizi ya kumbi zote mbili huingia katika akaunti moja.

Usiku wa tatu niliomba chakula cha bure nilichoahidiwa, na msimamizi wa meza alinieleza kwa uungwana jinsi kinavyopatikana. Huchukua dau langu la wastani, idadi ya mikono kwa saa, muda niliokaa na sehemu ya kasino katika mchezo huo. Kwa mfano, dau la 10, mikono 70 kwa saa, saa 3 na asilimia 2 hutoa 42, ambayo ndiyo hasara wanayonitarajia, na kipande chake hunirudia kwa sura ya sahani ya nyama. Kushinda au kuliwa kwangu usiku ule hakukuhusika kabisa. Nyama, kusema kweli, ilikuwa nzuri.

Siku iliyofuata niliomba kadi ifungwe. Kujiunga kulichukua dakika tano; kujitoa kulihitaji fomu mbili, nakala ya kitambulisho na mazungumzo na ofisa aliyetaka kujua kama ningependelea nipunguziwe tu idadi ya ujumbe. Nilikataa, akanithibitishia kwamba jina langu limeondolewa. Ujumbe wa kunialika nilale hotelini kwao bila malipo uliingia siku nne baadaye, ukinitaja kwa jina kamili.