Semina ya mtandaoni ya sheria za malezi: naipendekeza, ila kuna sehemu wamepita mbio

Nimemaliza hii semina ya sheria ya wajibu wa wazazi na kwakweli naipendekeza kwa yeyote mwenye mtoto, hasa mnaolea peke yenu au mlioachana na wenzenu, maana mengi tunayotishana nayo kuhusu kutelekeza mtoto sio yanavyosema sheria.

Wakili anayefundisha anachukua mfano mmoja na kuuchambua mpaka unaelewa. Alituwekea mtoto amekonda, nguo zimechanika, shule haendi, akauliza huyu katelekezwa? Wengi wakajibu ndio bila kufikiri. Akasema mbona hamjaniuliza mzazi ana uwezo gani, alijua nini, na alihangaika wapi? Hapo ndo somo likaanza. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto mwaka 2011 ilieleza kwamba kutelekeza ni kushindwa kumpa mtoto mahitaji yake ya mwili na ya akili, kumlinda na hatari au kumfikisha kwenye huduma kama matibabu na usajili wa kuzaliwa, wakati anayemlea ana uwezo, ana uelewa na huduma anazifikia. Hiyo "wakati" ndo inabeba kila kitu jamani! Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kifungu cha 27 unasema wazazi wanawajibika kwa kadiri ya uwezo na kipato chao, wakikwama serikali inatakiwa iwasaidie hasa chakula, mavazi na makazi. Yani mama aliyegonga kila mlango akakosa huwezi kumweka fungu moja na baba mwenye hela anayeangalia mtoto analala njaa.

Kuna mama mmoja aliuliza kwa sauti ya uoga, anafanya kazi usiku, mkubwa ndo anabaki na mdogo, je atanyang'anywa watoto? Wakili akamwambia pole kwanza mama, halafu akamuuliza taratibu, mkubwa ana umri gani, unatoka saa ngapi unarudi saa ngapi, ukipigiwa simu unapokea, kuna mtu mzima wa karibu, jiko linazimwa? Akaeleza kwamba kuna nchi, mfano Uingereza, sheria haitaji umri maalum wa kumwacha mtoto peke yake, kinachoangaliwa ni kama umemweka hatarini. Pia mkataba hauruhusu mtoto kutenganishwa na wazazi kienyeji tu, lazima mamlaka husika zifuate sheria, uamuzi uweze kupelekwa mahakamani na iwe ni kwa maslahi ya mtoto. Yule mama alishusha pumzi tukamsikia wote.

Kwa walioachana, kifungu cha 18 cha mkataba huohuo kinasema wazazi wote wawili wana wajibu wa malezi, na kuachana hakuufuti. Mwenzio kuoa au kuolewa tena sio sababu, na hayo ya "sitoi hela kwasababu sioni mtoto" au "humwoni mpaka utoe hela", mahakama nyingi zinayaangalia kama mambo mawili tofauti, ukikwama kwenye moja nenda kalidai hukohuko usimwadhibu mtoto.

Kilichoniudhi ni kutelekeza kihisia, wameipa slaidi moja tu! Mtoto anakula anasoma ila hasemeshwi mwezi mzima, au kila siku anashuhudia mama anapigwa, hiyo nayo kamati imeitaja wazi kabisa na ndo inayofichika kirahisi kuliko zote, wangeipa hata nusu saa. Pia makabrasha yao yana lugha ngumu ya mahakamani, mzazi wa kawaida atasinzia, bora urudie kusikiliza video.

Kingine, wanafundisha misingi ya jumla, ukimaliza itabidi utafute sheria ya mtoto ya nchi yako uisome. Na kama kesi yako tayari iko mahakamani usitegemee semina peke yake, nenda msaada wa kisheria na nyaraka zako zote mkononi, hata wenyewe wanalisema hilo mwanzoni kabisa.