Safari ya wapiga picha Ndutu: dereva alikataa kunizimia gari

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kama unafikiria kulipia ile "safari ya wapiga picha" ya Ndutu inayotangazwa kila msimu wa nyumbu kuzaa, soma kwanza. Jina la kampuni siliandiki. Wenyewe wakisoma watajijua.

Niliwapigia simu kutoka Dar wiki kadhaa kabla. Nikawaeleza wazi kwamba nina lenzi ndefu na nzito, siendi kuhesabu wanyama wakubwa watano, na nikimpata mnyama mmoja nitataka kukaa naye hata asubuhi nzima. Kijana wa ofisini akanijibu, "Dada, hapo umefika." Akaniahidi kila mtu dirisha lake, mito ya kuegemezea lenzi, na dereva anayejua mambo ya mwanga. Nikalipa.

Dalili nilianza kuziona njiani. Mto wa Mbu niliomba tusimame kidogo kwa kina mama wanaouza ndizi nyekundu kando ya barabara, nizungumze na mmoja, akikubali nimpige picha. Dereva akasema tumechelewa geti. Sawa, geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, lina saa zake, nikanyamaza. Lakini tulipoipita kreta na kuanza kushuka upande wa pili, akasimamisha gari mwenyewe, bila kuombwa, mbele ya watoto wa Kimasai waliokuwa wanachunga mbuzi. Wageni tuliochangia nao gari wakatoa simu dirishani, wakapiga, gari likaondoka. Hakuna salamu wala ruhusa. Watoto wale wana wazazi, na boma lao lilikuwa linaonekana pale pale. Kamera yangu ilibaki mapajani.

Hilo ningelisamehe. Lililonitoa machozi ni la duma.

Ndutu, kwa asiyepajua, iko ndani ya eneo la Ngorongoro, mpakani kabisa na Serengeti, na ni moja ya sehemu chache ambako gari linaruhusiwa kuacha njia na kumfuata mnyama kwenye nyasi. Ukivuka mpaka ukafanya hivyo ndani ya hifadhi ya Serengeti, ni kosa. Ruhusa hiyo ndiyo inayotuvuta wapiga picha, kwa sababu unaweza kuchagua jua liwe upande gani. Mikononi mwa dereva asiyejali, ruhusa hiyo hiyo ni balaa.

Tulimkuta duma jike na watoto wake wawili juu ya kichuguu, jua ndiyo kwanza linachungulia. Nyasi za pale ni fupi, zimeota kwenye majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, hakuna kichaka cha kukuzibia. Mwanga ulikuwa unakuja kutoka nyuma yao, na yale manyoya marefu ya mgongoni kwa watoto yakawa yanawaka kama utambi. Nikasema taratibu, "Kaka, naomba uzime gari." Akaendelea kuchezea simu. Nikarudia. Akanijibu, "Piga tu dada, kamera za siku hizi zinatoa."

Hazitoi. Anayejiita dereva wa wapiga picha anatakiwa kulijua hili kabla ya lingine lolote. Injini ya dizeli ikiwa inanguruma, bodi zima linatetemeka, na ukiwa umemvuta mnyama kwa lenzi ya milimita 600, ule mtetemo nao unavutwa vile vile. Nilizikuza picha kwenye kioo cha kamera pale pale: kila sharubu la yule mama lilikuwa na sharubu la pili pembeni yake. Jicho, ambalo ndilo picha yenyewe, limekuwa ukungu. Nikapandisha spidi ya shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, hadi mwanga ukaniishia, wapi.

Kisha mama akainuka. Mbele yake kulikuwa na swala tomi wachache, wameinamisha vichwa wanakula. Akashusha kichwa usawa wa mabega, akaanza kutembea, mguu, anasimama, mguu mwingine. Watoto walibaki kwenye kichuguu kana kwamba wameambiwa. Magari mengine mawili yaliyokuwepo yalibaki mbali, nyuma yake, yamezimwa. Na dereva wetu akaingiza gia. Akazunguka kwa mbele, akaenda kulisimamisha gari katikati ya duma na swala, ili eti abiria wapate karibu.

Swala wakainua vichwa, mikia ikacheza, wakaondoka. Duma akasimama wima akalitazama gari letu, kisha akakaa chini.

Watu wanadhani mnyama mwenye mbio zile hawezi kulala njaa. Duma anategemea mbio fupi tu, za sekunde chache, kwa hiyo lazima asogee karibu bila kuonekana. Akipata, fisi au simba wanaweza kumpora, na hana ubavu wa kubishana nao. Halafu yeye anawinda zaidi mchana, saa zile zile ambazo magari yamejaa. Mama yule ana matumbo matatu ya kulisha, na sisi tumemfukuzia chakula. Mimi nilikuwa ndani ya gari lililofanya hivyo, nimelilipia.

Nikamwambia dereva kwamba hiyo siyo kazi. Sikumtukana. Akageuka akanitazama kwenye kioo na kusema, "Dada, duma wamejaa Google. Hawa wenzako wamelipa dola."

Naomba nieleweke. Ni kweli kiingilio cha Watanzania tunalipa kwa shilingi na wageni wanalipa kwa dola, na kiwango chetu ni cha chini. Huo ni utaratibu wa nchi, na ni mzuri, unatuwezesha kuona vya kwetu. Lakini gari tuligawana sawa. Kambi sawa. Dirisha langu nililinunua kwa bei ile ile.

Mama mmoja wa Kizungu aliyekaa mbele yangu akaniuliza tumezungumza nini. Nikamtafsiria. Akamgeukia dereva, akamwomba kwa Kiingereza azime gari. Akazima papo hapo, na "samahani" juu.

Kumbe ufunguo ulikuwa unazunguka siku zote.

Nisiwe mchoyo wa ukweli, kuna mtu aliyeniokoa safari hii, naye ni mpishi wa kambi. Ile mito ya kuegemezea lenzi haikuwepo, hata mmoja. Jioni ile alinisikia nikilalamika, akaenda jikoni, akarudi na foronya aliyoitia maharage makavu, amefunga mdomo kwa kamba ya katani. "Jaribu hii mwanangu, ukiondoka utaniachia tutayapika." Kesho yake nikailaza kwenye ukingo wa paa la gari, lenzi ikatulia tuli kuliko ninavyoweza kuitulizia kwa mikono. Dereva alikuwa amenuna lakini anazima gari sasa, maana yule mama alikuwa anamwangalia. Na hapo nikapata nilichokifuata. Nyumbu jike amelala, ameinuka, ndama anaanguka chini akiwa bado kwenye utando, na ndani ya dakika chache anasimama, anaanguka, anasimama, anakimbia na mama yake. Nina picha ya kwato zake zikiwa bado laini za rangi ya krimu, zimechanua mbele ya jua. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Usiku ule nikasema kampuni yenye mpishi kama huyu haiwezi kuwa mbaya kabisa, na kwamba nikirudi nitawapa nyota tatu.

Zile nyota tatu nimezifuta. Siku ya kuagana dereva alipita na bahasha ya tipu, na alipofika kwangu akaniruka, akasema, "Wewe dada najua huna." Mbele ya watu. Ya mpishi nikaenda kumpa mkononi jikoni. Nilipofika Dar nikaiandikia ofisi ujumbe mrefu: injini, mito, duma, na maneno niliyoambiwa. Jibu lao: "Pole sana dada, wanyama hatuwapangii ratiba. Karibu tena msimu ujao."

Sijamlalamikia mnyama hata mmoja! Wanyama walikuja wote, saa nzuri, mwanga mzuri.

Kwa hiyo nyota moja, na hata hiyo naiweka kwa ajili ya mpishi ambaye anastahili mwajiri mwingine. Ndutu nendeni, kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, msiache kwa sababu ya hawa. Ila kabla ya kulipa, ongea na dereva mwenyewe kwa simu, si kijana wa ofisini, na umuulize afanyeje duma akianza kuinamisha kichwa. Akikwambia anasogea, tafuta mwingine.

Ofisi nimeiandikia tena, safari hii sentensi moja tu: je, yule dereva bado mnampeleka Ndutu? Wamesoma. Hawajajibu.