"Ungenunua IST": uzoefu wangu na gari la Kijerumani hapa Dar

Nimeanza kuandika hii mara nyingi nikaishia kufuta kwa hasira. Leo naandika na hasira zangu hivyo hivyo. Kampuni iliyotengeneza gari siitaji, na gereji siitaji, maana sitaki kupelekana mahakamani. Aliyewahi kulaza gari lake pale atapajua akisoma. Gari ni la Kijerumani, lilitumika Japani kwanza, likaja kwa meli kama yanavyokuja mengi yetu. Habari za injini na ukubwa wake mtazikuta mtandaoni, mimi sina muda nazo.

Maneno niliyoambiwa ni haya: "Dada'angu, kama unaona ghali ungenunua IST." Aliyeyasema ni kijana wa mapokezi, macho kwenye simu, mbele ya wateja wengine waliokaa kwenye makochi wakisubiri magari yao. Nina mtoto wa rika lake. Nilipoingia hakuniamkia, hilo nikalipuuza, vijana wengi siku hizi ndivyo walivyo. Hili la IST, ile Toyota ndogo ya bei nafuu, sijalipuuza na sitalipuuza.

Niseme kwanza kwa nini nilinunua Mjerumani, maana najua kuna watakaosema nilitaka sifa. Kazi yangu ni kupamba kumbi: harusi, send-off, kitchen party, kipaimara. Kwa miaka mingi nilifanya kazi hiyo na Toyota Raum, ule mlango wa kuvuta pembeni ukimeza maua, vitambaa na vyuma vya jukwaa. Raum haikuwahi kuniangusha. Lakini nenda nayo kwenye kikao cha kamati Masaki au Mbezi Beach, Raum namba B, yaani ya usajili wa zamani, iliyopauka bodi. Utaulizwa kama kweli utauweza ukumbi wa watu mia tano. Utaombwa picha za kazi zako, kisha picha nyingine, kisha jina la mtu atakayekudhamini. Siku niliyofika na Mjerumani namba E, usajili wa karibuni, mwenyekiti wa kamati alitoka mwenyewe kunipokea getini, na swali la kwanza lilikuwa malipo ya awali ni kiasi gani. Mimi ni yuleyule, maua ni yaleyale. Kwa hiyo niliponunua lile gari nilikuwa nimepiga hesabu za biashara, na kwa muda fulani hesabu zilijibu vizuri sana. Walinzi wa hoteli walinifungulia geti bila kuniuliza naenda kwa nani. Wateja waliacha kunikata bei.

Upande wa pili nao ulikuja, tena haraka. Kadi za michango zikaanza kuniletea kiasi kimeshaandikwa kwa kalamu. Fundi bomba niliyemzoea akapandisha bei ya kazi ileile. Shemeji mmoja akanitamkia wazi kwamba mtu mwenye gari kama lile hawezi kusema hana. Haya nayapita upesi, kila mwenye gari la namna hiyo Dar anayajua.

Kitu ambacho madalali hawaelezi ni kwa nini gari hilo linapatikana kwa bei ya Toyota Harrier, ile inayoitwa "tako la nyani". Japani kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na mwenye gari anatoa fedha nyingi kila mara. Gari la Ulaya likishazeeka kule, mwenyewe anaona gharama zinazomsubiri, analitoa mnadani, na bei yake inaporomoka kuliko ya Toyota ya umri uleule. Likifika kwetu, viwango vya TRA, mamlaka ya mapato, havijali limetoka kwa nani: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na kama lina umri wa miaka 8 hadi 10 unaongezewa 15% ya uchakavu, likipita miaka 10 ni 30%. Ndiyo maana bandarini Mjerumani na Mjapani wanaweza kutoka wakiwa wamekugharimu karibu sawa, na wewe ukaona umeokota dhahabu. Gharama ambazo Mjapani wa kule alizikimbia zimekufuata wewe hadi Dar.

Zangu zilinikuta Barabara ya Bagamoyo, karibu na Mwenge, Jumamosi mchana, kipindi kile cha joto kali kabla ya mvua za masika. Nyuma nimepakia maua mabichi ya harusi ya jioni. Foleni imesimama kabisa. Taa nyekundu ya joto ikawaka na kengele ikalia, na kabla sijapata nafasi ya kusogea pembeni mvuke ulishaanza kutoka kwenye boneti. Hapakuwa na dalili yoyote kabla. Baadaye ndipo nilipoelewa: pampu ya maji ya gari hili inaendeshwa kwa umeme, haina mkanda wala haipigi kelele ya kukuonya kwamba inakaribia kufa. Na viungio vya maji ni vya plastiki. Plastiki hiyo ikipikwa na joto la injini miaka na miaka inakakamaa, siku ikipasuka maji yote yanamwagika. Na kwenye foleni hakuna upepo wa kusaidia rejeta, pampu na feni ndiyo kila kitu. Ukilazimisha kuendesha hapo silinda hedi inapinda, na hiyo ni aluminiamu, ikishapinda unazungumzia bei ya injini nyingine. Nikazima.

Fundi wa gereji ya jirani alikuja mbio na kidumu cha maji. Akafungua boneti, akakuta mfuniko mweusi wa plastiki umeziba kila kitu. Akasimama. "Mama, hili mimi siligusi, nisije nikakuharibia. Lina watu wake na mashine yao." Namshukuru huyo kijana hadi leo, alisema ukweli na alikataa hela yangu ya soda. Maua nikayapandisha kwenye bajaji. Waridi zilifika ukumbini zimelegea shingo, na mama wa bibi harusi aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Sasa njoo kwenye gereji ya "watu wake". Vigae vinang'aa, kahawa ya bure, kiyoyozi. Wakaniambia lazima gari lipimwe kwanza kwa kompyuta, na kupima kunalipiwa. Nikalipa. Wakasema ni pampu. Nikakubali. Baada ya siku kadhaa wakasema ni pampu na thamostati. Baadaye ikawa pampu, thamostati, mipira ya maji na rejeta. Spea zinatoka Dubai, ngoja. Zimefika lakini moja siyo yenyewe, ngoja. Zimefungwa lakini lazima gari litambulishwe kifaa kipya kwenye kompyuta, na mwenye kompyuta hayupo, ngoja. Msimu wa harusi wote unapita mimi nakodi Noah kubebea vyuma.

Siku ya kwenda kulichukua, fundi chaji, yaani malipo ya kazi ya fundi, ilikuwa inakaribia bei ya pampu yenyewe. Sikupiga kelele. Niliuliza mambo mawili kwa adabu: hiyo fundi chaji imehesabiwaje, na naomba kuiona ile pampu ya zamani. La pili nikajibiwa kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia ndani na spea mbovu huwa zinatupwa. La kwanza nikajibiwa habari ya IST.

Jamani, hebu tuelewane. Kuna heshima gani katika gari ambalo linakufanya utukanwe na mtu unayemlipa? Na kwani IST ina kosa gani? Ita teksi ya kwenye simu saa hii hapa mjini, uone kama hatakuja mtu na IST, au Passo, au Raum kama ile yangu. Watoto wanasomeshwa na magari hayo. Nyumba zimejengwa Chanika na Kivule kwa magari hayo. Yule kijana alilitaja kama tusi, na waliokaa kwenye makochi wakacheka. Hao nao niliwashangaa, maana wote walikuwa wanasubiri bili zao.

Ninaye fundi wangu wa Raum, mzee wa Ilala, hana mapokezi wala kahawa. Akitoa kifaa kibovu anakuwekea mkononi: "Shika mama, pitisha kidole hapa, unaona palivyolika?" Kisha anakwambia nenda mwenyewe Gerezani ukanunue. Gerezani pale maduka ya spea yamepangana, unauliza la kwanza, la pili, la tano, kuna spea halisi, kuna ya kuiga, kuna iliyotumika kutoka Japani, na kila muuzaji anajua kwamba akikuletea nyodo jirani yake anakusubiri. Hapo ndipo ulipo ubora wa Mjapani hapa kwetu, na sisikii watu wakiusema. Wanasema hanywi mafuta, wanasema mgumu. Mimi nasema ujuzi wake umeenea kwa watu wengi, kuanzia Tandika hadi Tegeta, kwa hiyo hakuna mtu mmoja wa kukushika koo. Mjerumani wangu ujuzi wake umefungiwa kwenye kompyuta moja, na mwenye kompyuta anajua kwamba huna pa kwenda. Ile jeuri inatoka hapo.

Lakini nisiwe mwongo. Lilivyotoka gereji nililipeleka Morogoro kwenye msiba, na njiani, kuanzia Chalinze, nilinyamaza. Linavyoshika barabara, linavyopita malori bila kutetemeka, breki zake, utulivu wa ndani ambao mtoto alilala toka Mlandizi hadi tunafika. Raum ikizidi themanini unasikia kila kitu. Nikiwa nalirudisha Dar nilishaamua siliuzi, na tangazo nililokuwa nimeweka nikalitoa. Waliotengeneza gari lile ni watu wanaojua kazi. Ukinikuta siku ile ningekupa sifa zake zote.

Wala tatizo siyo Ulaya. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504, na hizo ndizo zilizobeba watu na mizigo barabara mbovu za nchi hii, pamoja na Land Rover 109. Zilikuwa zinatengenezwa kijijini kwa spana na waya, na kila fundi alizijua, kama leo kila fundi anavyoijua IST. Mfaransa na Mwingereza wa wakati ule walikuwa na tabia ya Mjapani wa leo.

Na kama ni hadhi tunayotafuta, tazameni serikali yenyewe inapanda nini. Mashangingi. Land Cruiser, Toyota hiyohiyo. Waziri akipita na msafara hakuna anayesema kapanda gari la kimaskini. Harrier mnazoziona za kawaida, vizazi vya kwanza Marekani waliziuza kwa jina la Lexus RX, na Mmarekani akazinunua kama gari la kifahari. Crown huko kwao Japani imekuwa gari la wakubwa tangu 1955. Nikaenda mimi mwenyewe na Crown ya kukodi kwenye kikao cha kamati Mikocheni, kwa makusudi, nione. Nilipokelewa vizuri kabisa, na kazi nikapewa. Kwa hiyo wateja wangu walichohitaji ni gari safi lenye namba ya karibuni. Nembo haikuwa na kazi kubwa niliyoaminishwa na madalali.

Nilipofika hapo hasira zikarudi upya, kwa sababu nilihesabu kile nilichotoa kwenye ile gereji na kuona kingeweka injini nyingine kwenye Raum na chenji ikabaki ya shokapu. Halafu juzi juzi taa ya injini ikawaka tena. Safari hii nilikataa kurudi kule. Nikampata fundi Sinza mwenye mashine yake ndogo ya kupimia, kijana mpole, akanipima bila kunipangia foleni ya wiki, akaniambia ni kihisio kimoja tu, na akasema kitu kilichonichoma: zile hozi, yaani mipira ya maji, nilizolipia kama mpya ni za zamani, zimepanguswa tu. Rejeta kweli ni mpya. Pampu kweli ni mpya. Hozi hapana.

Nikawapigia. Wakaniuliza namba ya risiti. Nikafungua kabati, na walichonipa siku ile ni karatasi iliyochapwa yenye nembo yao kubwa juu, haina alama ya EFD, mashine ya risiti za kodi, hata moja. Niliidai siku ileile, wakasema mashine haina mtandao, watanitumia kwenye simu. Hawakutuma. Karatasi hiyo naipeleka TRA wiki hii.

Tangazo la kuuza nimelirudisha. Gari ni zuri, narudia, na nitakayemuuzia nitamwonyesha kila kitu: pampu, rejeta na kihisio ni vipya, hozi ni za zamani. Nitampa na namba ya yule kijana wa Sinza. Bei tunaongea, ila asiniletee dalali.