House of Cards ya BBC kwenye DVD: siasa za kunong'ona, na deki inayokataa diski

Ukitaja House of Cards leo, wengi hudhani ni ile ya Kimarekani iliyoanza Netflix mwaka 2013. Hapa tunazungumzia ile ya asili, ya BBC: tamthilia tatu za Kiingereza, kila moja na sehemu 4, zilizorushwa mwaka 1990, 1993 na 1995. Siku hizi huuzwa pamoja kwenye boksi moja, DVD au Blu-ray. Ni karibu saa 11 kwa jumla. Anayependa siasa zilizoandikwa kwa akili hatapata saa 11 bora zaidi ya hizi, na ya kwanza katika hizo tatu ndiyo inayostahili pesa yako kabla ya nyingine zote.

Francis Urquhart, aliyeigizwa na Ian Richardson, ni Mnadhimu Mkuu wa chama cha Conservative bungeni London. Wakenya wangemwita kiranja. Kazi yake ni kuhakikisha wabunge wa chama wanapiga kura wanavyoagizwa, na ili aifanye vizuri lazima ajue nani ana madeni, nani mlevi, nani ana mchepuko. Uchaguzi umekwisha, chama kimeshinda kwa wingi uliopungua, na Waziri Mkuu Henry Collingridge, ambaye Urquhart alimsaidia kupanda, alishamwahidi wizara kubwa. Kisha anamwambia abaki palepale alipo. Urquhart anatabasamu, anashukuru, anaondoka. Yote yanayofuata yanazaliwa na tabasamu hilo.

Uzuri wa mwandishi Andrew Davies ni kwamba kwa muda mrefu hampi Urquhart silaha yoyote nje ya zile ambazo cheo chake kinampa. Anapiga simu kwa wakati muafaka. Siri inamfikia Mattie Storin, mwandishi kijana wa gazeti (Susannah Harker), naye anaamini ameichimba mwenyewe. Roger O'Neill, mtu wa propaganda wa chama aliyetekwa na kokeni, anatumwa huku na huko kwa sababu hawezi kukataa. Akaunti inafunguliwa kwa jina la ndugu yake Waziri Mkuu, hisa za kampuni ya dawa zinanunuliwa, na kashfa inajijenga yenyewe mikononi mwa waandishi wa habari. Hakuna hatua inayomtaka mtazamaji aamini muujiza. Davies alitohoa riwaya ya Michael Dobbs, mtu aliyewahi kuwa mkuu wa watumishi wa chama hicho enzi za Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza, na ujuzi huo wa ndani unaonekana katika mambo madogo: nani anasubirishwa nje ya mlango, nani hakualikwa chakula cha mchana.

Jambo moja la kikanuni lazima ulijue kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, maana bila hilo mpango wote utaonekana wa kubuni. Wakati ule kiongozi wa Conservative, ambaye chama kikiwa madarakani ndiye Waziri Mkuu, alichaguliwa na wabunge wa chama peke yao. Wanachama wa kawaida walipewa kura miaka ya mwisho ya 1990. Mshindi wa raundi ya kwanza alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura na kumzidi wa pili kwa asilimia 15 ya wote wenye haki ya kupiga kura. Wapiga kura walikuwa 372. Sasa fikiria mtu anayehifadhi siri za watu hao 372 akigombea mbele yao. Ndiyo maana wapinzani wake wanaanguka mmoja mmoja, kila mmoja kwa udhaifu wake mwenyewe.

Historia nayo iliibeba tamthilia hii kwa namna ambayo hakuna mtangazaji angeweza kuipanga. Sehemu ya kwanza ilirushwa Jumapili tarehe 18 Novemba 1990, na inaanza na Urquhart akiangalia picha ya Thatcher, akisema hakuna kinachodumu milele, kisha anailaza kifudifudi. Siku mbili baadaye Thatcher halisi, akigombea tena uongozi wa chama, alipata kura 204 dhidi ya 152 za mpinzani wake Michael Heseltine, pungufu ya kura 4 tu kufikia sharti lile la asilimia 15. Tarehe 22 alitangaza kujiuzulu. Waingereza walitazama sehemu mbili za mwisho wakiwa tayari na Waziri Mkuu mwingine.

Lakini kinachoifanya kazi hii istahili kumilikiwa, si kutazamwa mara moja na kusahaulika, ni namna Urquhart anavyozungumza nasi. Anageuka katikati ya kikao, anaangalia kamera, anatueleza anachowaza, kisha anarudi kwa wenzake kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni mbinu ya Shakespeare katika Richard III, na Richardson, aliyekomaa Royal Shakespeare Company, anaicheza kwa nyusi kuliko kwa sauti. Tunacheka naye, tunamshabikia, na tunapogundua anachokifanya tumeshakuwa wasiri wake. Ukitazama mara ya pili, sikiliza asichotuambia. Ana pia jibu lake maarufu kwa Mattie, kwamba mwandishi huyo anaweza kabisa kufikiri hivyo ila yeye Urquhart hawezi kusema lolote: kwa sentensi moja amethibitisha na hakuna anayeweza kumnukuu. Na waliosoma Makbeth, tamthilia nyingine ya Shakespeare, katika tafsiri ya Mushi watamtambua mara moja Elizabeth, mke wa Urquhart (Diane Fletcher), mwenye maneno machache kuliko wote na ushawishi kuliko wote.

Kwa sababu hiyo hii si kazi ya kibanda umiza, ya kutazama huku mtafsiri akisimulia juu ya sauti. Tukio lenyewe ni maneno, na sauti ya msimulizi italifunika. Kiingereza chake ni cha wasomi, cha haraka na cha mafumbo. Washa maandishi ya Kiingereza yaliyowekwa kwa wasiosikia vizuri, na angalia nyuma ya kava kama toleo unalonunua linayo.

Sasa diski. DVD za Uingereza zimefungwa kwa kanda namba 2, yaani zimewekewa kufuli la eneo la dunia zilikokusudiwa kuuzwa. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kanda namba 5. Oman na nchi za Ghuba ziko namba 2, kwa hiyo huko hazina tatizo. Marekani na Kanada ni namba 1. Deki ikikataa diski safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, mara nyingi kisa ni hicho. Tafuta deki inayosoma kanda zote, au uliza kama yako inafunguliwa kwa namba za siri kupitia rimoti, kwani modeli nyingi za bei ya chini hukubali. Kwenye kompyuta, kisomeo cha diski huruhusu kubadili kanda mara 5 tu, kisha kinabaki ilipoishia. Blu-ray ni rahisi zaidi: Uingereza na Afrika yote ni kanda B, hivyo nakala ya Uingereza itacheza kwenye deki iliyotengenezwa kwa soko la Nairobi au Dar es Salaam.

Usichukue DVD ya Marekani kwa sababu tu ni nafuu. Tamthilia ilirushwa kwa mfumo wa PAL wa televisheni za Uingereza, picha 25 kwa sekunde, na kuigeuza NTSC, mfumo wa Marekani, huacha vivuli watu wanapotembea. Picha ya asili ina umbo la zamani la 4:3, kwa hiyo DVD yako ikiwa na umbo hilo weka televisheni kwenye 4:3. Ukiiacha ijivute ijaze kioo, uso mwembamba wa Richardson unakuwa wa duara, na nusu ya uigizaji wake iko usoni.

Jihadhari sana na diski moja yenye sehemu zote 12. DVD ya kuchoma ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ukizigawa kwa saa 11 unabaki na chini ya megabiti 1 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Sehemu 4 zikiwekwa kwenye diski ya tabaka mbili ya gigabaiti 8.5 hupata zaidi ya megabiti 5. Tofauti utaiona kwenye korido zenye giza, ambako nakala iliyobanwa hupasuka vipande vya mraba. Geuza diski: ya kuchomwa huwa na rangi ya zambarau au bluu upande wa chini, ya kiwandani hung'aa fedha au dhahabu. Picha ikisimama kidogo mara moja katikati ya diski, ni mwanga unaohama tabaka, si ubovu. Ukiifuta, tumia kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

To Play the King, ya pili, inamkutanisha Urquhart na mfalme mpya anayewahurumia maskini (Michael Kitchen). Hoja zake ni nzito, na mikutano ya wawili hao ni ya kurudiwa. The Final Cut, ya tatu, ndiyo dhaifu: Urquhart anataka kuvunja rekodi ya Thatcher ya zaidi ya miaka 11 madarakani, na njama ya Kupro inaburuza miguu. Ilifunguliwa na mazishi ya Thatcher, ambaye mwaka 1995 alikuwa hai, na Dobbs aliomba jina lake mwenyewe liondolewe kwenye orodha ya majina ya tamthilia.

Kama pesa inatosha moja tu, chukua ya kwanza ikiuzwa peke yake, inajitosheleza. Ukinunua boksi, usisome maelezo ya nyuma kabla ya kumaliza sehemu ya nne, kwa sababu haiwezekani kueleza tamthilia ya pili bila kutaja ya kwanza iliishaje.